Binti Akitaka Kucheza Raga: Mambo ya Kuuliza Klabuni

  Wiki hii tunazungumza juu ya raga, na hasa klabu ya raga ya wanawake. Klabu kama hiyo huundwa vipi? Nani hufanya kazi gani? Pesa hutoka wapi? Na binti yako akiumia, ni nani mwenye mamlaka ya kumtoa uwanjani? Hilo swali la mwisho ndilo kubwa leo, na mengine yote yanaelekea huko.

Huenda unajiuliza, raga inamhusu nini mama wa hapa Dallas, Embu, anayeamka saa kumi na moja kuwasha jiko? Inamhusu kwa sababu wasichana wetu wameiona. Mwaka 2016 raga ya wachezaji 7 iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Rio de Janeiro, na timu yetu ya wanawake ya Kenya, Lionesses, ilikuwapo. Ilikwenda tena Tokyo mwaka 2021, nahodha akiwa Philadelphia Olando. Mwezi wa Septemba mwaka 2025, fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ilichezwa London, na watu zaidi ya 81,000 wakajaa uwanjani kuona Uingereza ikiishinda Kanada. Msichana akishaona hayo kwenye simu, usishangae akija kukuambia, "Mama, nataka kujiunga na timu."

Mama wengine hujibu hapana kabla binti hajamaliza kusema. Wanaogopa meno kung'oka, mguu kuvunjika, au maneno ya majirani kwamba huo ni mchezo wa wanaume. Wengine hukubali upesi bila kuuliza lolote, wakifurahi kwamba angalau mtoto hazururi sokoni. Kwa maoni yangu, majibu yote mawili yanakuja mapema mno. Kwanza uliza klabu inaendeshwaje.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa kifupi. Kuna raga ya wachezaji 15 kila upande, ambayo huchezwa kwa dakika 80, na kuna ya wachezaji 7, ambayo huchezwa kwa vipindi viwili vya dakika 7 kila kimoja. Usidanganywe na ufupi wa dakika hizo. Ya wachezaji 7 hutumia uwanja ule ule mkubwa, na kwa sababu hiyo ni mbio tupu. Mpira hubebwa mkononi, na mwenye mpira anaweza kukamatwa na kuangushwa chini. Sheria inakataza kumkamata mtu juu ya mabega, na inakataza kumwinua na kumwangusha kwa kichwa. Ipo pia raga ya kugusana tu, ambapo hakuna kuangushana. Hiyo ndiyo inayowafaa wanaoanza, na kwa mtoto mdogo inatosha kabisa.

Sasa tuje kwenye klabu. Mama, usiogope neno hilo. Kama umewahi kuwa katika chama cha akina mama, tayari unajua klabu inavyoendeshwa. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna kitabu cha majina, ada ya mwezi, faini ya kuchelewa, na mkutano wa mwaka ambapo hesabu husomwa mbele ya wote. Klabu iliyo sawa ina katiba iliyoandikwa, na imesajiliwa. Hapa Kenya, Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka vyama na klabu za michezo zisajiliwe na Msajili wa Michezo. Klabu inayotaka kucheza katika ligi za nchi hujiunga pia na Chama cha Raga cha Kenya. Kwa hiyo ukiuliza, "Mmesajiliwa?" hujawakosea heshima. Mtu mwenye karatasi hufurahi kuionyesha.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Timu nyingi za wanawake nchini si klabu zinazojitegemea. Ni tawi ndani ya klabu ya wanaume. Mwamba ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1977 na wachezaji Waafrika waliotaka klabu yao wenyewe, ina timu ya wanaume na ya wanawake. Impala, pia ya Nairobi, ina zote mbili, na Nakuru vilevile. Mpango huu una faida yake. Wasichana hupata uwanja, jina linalojulikana, kocha mwenye uzoefu, na nafasi katika mashindano ya raga ya wachezaji 7 yanayozunguka miji, kama yale ya Prinsloo kule Nakuru na Driftwood kule Mombasa.

Lakini una hatari yake pia, na unaijua tangu nyumbani: chakula kikiwa kidogo, nani hupakuliwa mwisho? Wanaume wakitumia uwanja kuanzia saa kumi, wasichana huachiwa saa kumi na mbili na nusu, giza likiingia. Halafu warudi nyumbani kwa miguu usiku. Jezi zinakuwa za wanaume, kubwa, zilizochakaa. Sanduku la huduma ya kwanza linafunguliwa mechi ya wanaume ikiwa inaendelea, na likifika kwa wasichana bandeji zimekwisha. Kwa hiyo mama, usiishie kuuliza kama kuna timu ya wanawake. Uliza wanafanya mazoezi saa ngapi. Uliza kama kuna mwanamke katika kamati, tena mwenye sauti wakati pesa zinapogawanywa. Mwanamke aliyewekwa hapo kuandaa chai hatoshi.

Na pesa hutoka wapi? Mara nyingi mifukoni mwa wachezaji wenyewe na wazazi wao. Kuna ada ya mwezi, nauli ya safari, michango ya jezi na mipira, na harambee pale timu inapoalikwa mbali. Wakati mwingine mfanyabiashara wa mji hutoa jezi zenye jina la duka lake. Mambo ni yale yale ya chama. Pesa zisilale katika simu ya mtu mmoja. Mweka hazina awe na watu wengine wawili wa kutia sahihi naye, na risiti ziandikwe. Nasema haya katika kipindi cha afya kwa sababu pesa zikipungua, kitu cha kwanza kukatwa ni barafu, bandeji na gari la kumpeleka mgonjwa hospitalini. Sijaona jezi zikikatwa.

Wakati wa kawaida, klabu hukutana mara mbili au tatu kwa wiki, na mechi huwa Jumamosi. Ukipata nafasi, nenda ukatazame siku moja ya mazoezi kabla hujasema ndiyo wala hapana. Usiende kama mpelelezi. Nenda kama mzazi, salimia, kaa kando. Angalia uwanja kwanza. Je, umetembewa kuondolewa mawe na chupa? Wakati wa kiangazi ardhi yetu hukauka ikawa kama saruji, hasa ukishuka kuelekea Mbeere, na kuangushana juu ya ardhi ya namna hiyo si jambo la mzaha. Kocha mzuri siku hizo hufundisha kukimbia na kupasiana, akaacha kuangushana hadi mvua inyeshe au wapate nyasi. Angalia pia kama wanapasha mwili moto kwa utaratibu kabla ya kuanza. Shirika la raga la dunia lina mazoezi yake ya kujikinga, yanayochukua kama dakika 20, ya kuimarisha shingo, magoti na nyonga. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wavulana wa shule na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba timu zilizoyafanya angalau mara 3 kwa wiki zilipunguza mtikisiko wa ubongo kwa zaidi ya nusu. Hayahitaji mashine. Yanahitaji kocha asiyekuwa na haraka.

Angalia tena kama wasichana wamevaa kinga ya meno kabla ya kuanza kukabana. Ni kipande cha plastiki kinachowekwa mdomoni, kinalainishwa kwa maji moto ili kishike umbo la meno ya mwenyewe. Haiazimwi, kama vile mswaki hauazimwi. Kinga hiyo huokoa meno na midomo. Haizuii ubongo kutikisika, na atakayekuambia inazuia anakuuzia tu.

Sasa mama, sogea karibu, maana tumefika kwenye kiini cha mazungumzo. Nimesema klabu ni kama chama. Lakini kuna cheo kimoja katika klabu ya raga ambacho hakipo katika chama chetu, nacho ndicho kinachotenganisha klabu njema na mbaya. Ni yule mtu anayeshika sanduku la huduma ya kwanza. Katika chama, mambo huamuliwa kwa kura. Kwa huyu hakuna kura. Akisema "huyu atoke," mchezaji anatoka, hata kama kocha amekasirika, hata kama nahodha anamsihi, hata kama zimebaki dakika 2 na timu inashindwa kwa pointi chache. Hata kama mchezaji mwenyewe analia kwamba yuko sawa. Tena hasa akilia kwamba yuko sawa.

Kwa hiyo uliza: ni nani? Ana mafunzo gani ya huduma ya kwanza, na aliyapata wapi? Yuko siku za mazoezi pia, au siku ya mechi tu? Watu wengi huumia mazoezini. Na je, neno lake ni la mwisho? Muulize kocha swali hili la mwisho uso kwa uso, umtazame anavyojibu. Akisema, "Ah mama, hapa tunajuana, tutaangalia tu," basi hujapata jibu.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu ya ubongo. Mguu ukivunjika kila mtu anaona. Ubongo ukitikisika hakuna anayeona, na msichana anaweza kusimama, akajipangusa vumbi na kuendelea kukimbia. Wengi hudhani mpaka mtu azimie ndipo awe ameumia kichwa. Sivyo. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii hata kidogo. Wala si lazima kichwa kigongwe. Mwili ukitikiswa kwa nguvu, shingo ikarushwa, ubongo nao hutikisika ndani ya fuvu. Wataalamu wameona pia kwamba katika michezo inayochezwa na jinsia zote, wasichana hupata tatizo hili zaidi ya wavulana, na mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi kupona.

Dalili zake ni zipi? Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona vitu viwili viwili au ukungu, kutopenda mwanga wala kelele. Anaweza kuonekana kama amechanganyikiwa: anauliza matokeo ni mangapi, anajibiwa, baada ya dakika anauliza tena. Anaweza kuwa mkali bila sababu, au kulia ovyo, au kuwa mzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Dalili nyingine huja baadaye, jioni au kesho yake, wakati kocha hayupo na wewe ndiye uliye naye. Kwa hiyo sehemu hii ni yako, mama.

Kanuni ni hii: ikiwa kuna shaka yoyote, anatoka, na siku hiyo harudi. Hata akisema amepona baada ya nusu saa. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona, madhara yake yanaweza kuwa makubwa sana, na katika visa vichache, hasa kwa vijana, ubongo umevimba ghafla na mtu akafariki. Ni nadra. Lakini ni jambo linalozuilika kwa neno moja la mtu mwenye sanduku.

Akiletwa nyumbani, asiachwe peke yake saa 24 za kwanza, wala usiku huo. Watu wetu husema aliyeumia kichwa asilale, wakamkesha akisinzia kitini. Anaweza kulala, mradi amekwisha kuonwa na mhudumu wa afya na hana dalili za hatari. Usingizi humsaidia. Wewe mwangalie mara kwa mara kama anapumua vizuri na kama anaamka ukimwita. Asinywe pombe wala asitafune muguka au miraa. Kama kichwa kinauma, paracetamol inatosha. Siku hizo za kwanza usimpe aspirini wala ibuprofen bila kuambiwa na daktari, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuongeza damu kuvuja. Na simu iwekwe kando kwa siku moja au mbili. Najua hapo ndipo vita vitakapoanza.

Mkimbize hospitalini mara moja, usiku au mchana, ukiona anatapika mara kwa mara, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, haamki vizuri, anapata degedege, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jingine, mkono au mguu unalegea, maneno yanamtatiza, au maji maji na damu vinatoka sikioni au puani. Hapa Embu tuna Hospitali ya Rufaa ya Level 5, na wa Meru wana hospitali yao ya rufaa mjini. Usianzie kwa duka la dawa. Na akiwa analalamika shingo, au mikono na miguu inamfa ganzi, asiinuliwe na mtu pale uwanjani, asikalishwe, na asipakiwe kwenye bodaboda kwa hali yoyote. Alale pale pale, kichwa kishikiliwe kisitikisike, hadi gari na wahudumu wafike. Muulize kiongozi wa klabu: gari hilo ni la nani, na namba ya dereva iko wapi? Kama jibu ni "tutatafuta," waambie walitafute kabla ya Jumamosi.

Arudi lini mchezoni? Mwongozo wa raga ya jamii, ule usiohusu wachezaji wa kulipwa wenye madaktari wao, unasema asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21 kupita, na hata hizo 21 ni kama dalili zimekwisha. Huanza kwa kutembea na shughuli nyepesi, halafu masomo, halafu kukimbia, halafu mpira bila kugongana. Kugongana ni mwisho kabisa, baada ya siku 14 bila dalili yoyote. Masomo yatangulie mchezo. Msichana ambaye bado hawezi kukaa darasani bila kichwa kuuma hana kazi uwanjani. Kama yuko shule ya bweni, mwandikie mwalimu barua, usimtume mtoto kwa mdomo. Mtoto anayetaka kucheza hafikishi ujumbe wa namna hiyo.

Magoti nayo tuyaguse. Wasichana huchanika kano za ndani ya goti zaidi ya wavulana, mara nyingi bila kugongwa, wakigeuka ghafla wakikimbia. Goti likilia kama kijiti kinachovunjika na kuvimba siku ile ile, lionwe na daktari. Kukandwa na kuvutwa na mtu wa mtaani kunaweza kuliharibu zaidi.

Chakula je? Msichana anayecheza anahitaji chakula zaidi, na wengi wao hula kidogo kwa sababu wanaogopa kunenepa au kwa sababu sahani ya kwanza ni ya kaka yao. Anapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo anahitaji madini ya chuma. Huhitaji kununua unga wa kopo wenye picha ya mtu mwenye misuli. Githeri yenye maharagwe mengi, ndengu, njahi, terere, managu, uji wa wimbi, yai, na nyama au maini ikipatikana. Ongeza chungwa au nyanya mbichi pembeni, maana huusaidia mwili kuchukua chuma. Chai iwekwe mbali na mlo, angalau saa moja, kwa sababu huzuia chuma hicho. Akiwa mchovu siku zote, anahema akipanda mlima mdogo, na viganja vimepauka, apimwe damu. Na kama hedhi imekatika kwa miezi 3 na si mjamzito, asifurahie. Mara nyingi ni ishara kwamba mwili unatumika kuliko unavyolishwa. Klabu ya wanawake iliyo sawa huweka sodo ndani ya sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na bandeji, bila msichana kulazimika kumwomba kocha mwanamume.

Muguka nimeshautaja, lakini niseme zaidi kidogo, kwa kuwa sisi ndio tunaoulima. Unaondoa njaa na usingizi, na mchezaji anaishi kwa vitu hivyo viwili. Unapandisha mapigo ya moyo ya mtu ambaye tayari anakimbia. Ukikuta kocha amejaza shavu saa ya mazoezi, sina la kuongeza.

Sasa safari. Hapa sitazungumza kwa kuzunguka. Timu ikisafiri, lazima awepo mwanamke mtu mzima anayewajibika, na jina lake ulijue. Wasichana walale vyumba vyao, wachezaji watu wazima wasichanganywe na watoto, na pasiwe na kocha wala meneja anayeingia chumbani peke yake. Asimpakie mchezaji mmoja katika gari lake usiku. Ujumbe wa timu upitie kundi la simu ambalo mzazi yumo, si simu ya msichana peke yake saa nne za usiku. Aliye chini ya miaka 18 achezee timu ya umri wake, na wewe utie sahihi karatasi ya ruhusa inayoonyesha magonjwa yake, kama pumu au kifafa, na namba yako. Kama kuna jambo limetokea, namba 116 ni ya kusaidia watoto, na 1195 ni ya wanaotendewa ukatili wa kijinsia. Zote hupigwa bila malipo. Klabu inayochukia maswali haya imekwisha kukujibu.

Kuhusu gharama za matibabu, kumbuka kwamba tangu Oktoba 2024 mambo yako chini ya SHA, si NHIF tena. Hakikisha binti yako ameandikwa kama mtegemezi wako, usingoje siku ya ajali ndipo uanze kutafuta cheti cha kuzaliwa.

Neno kwa mama ambaye amekuwa akisikiliza huku akifikiri, "Na mimi je?" Klabu nyingi za wanawake zina wachezaji wenye watoto. Kama umejifungua, pita kwanza kliniki ya wiki 6, fanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, tembea, halafu usianze kukimbia kabla ya miezi 3. Kama mkojo unakuponyoka ukiruka, au unahisi uzito chini, bado. Mwone mhudumu, tatizo hilo linatibika na si la kufichwa. Kunyonyesha hakukuzuii, bali nyonyesha kabla ya mazoezi, vaa sidiria inayokushika vizuri, na unywe maji. Ukiwa mjamzito, usicheze raga ya kukabana hata kidogo. Mwambie kiongozi wa wanawake faraghani, naye anapaswa kukuondoa katika orodha bila kutangaza sababu.

Na kama huchezi, bado kuna kazi. Klabu haziishi kukosa wachezaji kama zinavyokosa watu wa kushika kitabu cha hesabu na sanduku. Mafunzo ya huduma ya kwanza hutolewa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na mama mmoja au wawili wakichangiwa ada na klabu wakasoma, timu nzima imepata mtu. Yule mama wa chama chenu ambaye hakuna anayethubutu kumdanganya juu ya shilingi kumi, huyo ndiye anayefaa kusimama kando ya uwanja akasema, "Mwanangu, toka."

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto wakati wa mvua na jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Uwe na kijiko na kikombe safi karibu. Kwaherini.